UZI: Namna ya kusoma sheria za uvuvi wa trauti katika mito ya Pennsylvania kabla ya kutupa ndoana

Mshipi Mrefu (Erie)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka napigiwa simu na watu wetu wa Erie, Pittsburgh na Lancaster, wengi wao waliokulia kando ya Tanganyika na Kivu, na karibu wote huniuliza jambo moja: trauti, wale samaki wa maji baridi, wanaruhusiwa wangapi kwa siku? Nikijibu kwamba ni watano sitakuwa nimesema uongo, lakini jibu hilo pekee limewaponza wengi, nami nikiwa mmoja wao. Nimeona heri nieleze kwa kirefu mara moja, ili nikiulizwa tena nimwelekeze mtu hapa.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza katika jimbo hili nilikata leseni, nikalipia na kibali cha trauti, nikapewa kijitabu cha sheria ambacho sikukifungua, na Jumamosi moja ya Machi nikashuka kwenye kijito kilichopita nyuma ya mtaa wetu. Hapakuwa na mtu hata mmoja, nikajisifu moyoni kwamba nimewawahi wenzangu. Nilikuwa sijakamata kitu afisa wa doria aliponifikia. Aliitazama leseni, akasema iko sawa. Akakitazama kibali, nacho kikawa sawa. Kisha akanionyesha bango dogo lililopigiliwa mtini, hatua chache kutoka niliposimama, ambalo nilikuwa nimelipita bila kulisoma. Kijito kile kilikuwa kimefungwa kwa uvuvi wa aina yoyote hadi Aprili. Ndiyo maana nilikuwa peke yangu.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: sheria za hapa hazikufungwa kwa samaki, zimefungwa kwa kipande cha mto. Trauti yule yule, wa urefu ule ule, anaweza kuwa kitoweo halali chini ya daraja na kosa la faini juu ya daraja hilo hilo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wangapi, mtu aulize ni wapi hasa, kisha aulize ni lini.

Mwenye mamlaka ni Tume ya Samaki na Mashua ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1866. Isichanganywe na tume nyingine ya jimbo inayoshughulikia wanyama wa kuwindwa, kwa maana leseni ya huko haikuruhusu kutia ndoana majini. Tume ya samaki huzalisha trauti katika vituo vyake, na kila mwaka huwamwaga zaidi ya milioni 3, wakiwa tayari wakubwa, katika mito na maziwa iliyoorodheshwa. Hii ndiyo mito iliyopandikizwa, na ndiyo wengi wetu tunayoijua, kwa kuwa iko karibu na miji na ina mahali pa kuegesha gari.

Mwaka wa mto uliopandikizwa una sura tatu. Msimu wa kawaida hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa 2 asubuhi kwa hesabu yetu, ambayo simu yako itaiandika 8. Zamani kaunti za kusini mashariki zilifungua mapema kuliko nyingine, lakini sasa jimbo zima lina siku moja. Kuanzia hapo hadi Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba, unaruhusiwa trauti 5 kwa siku, wa aina zote ukiwajumlisha, na kila mmoja awe na urefu wa inchi 7 au zaidi, ambazo ni kama sentimita 18. Baada ya hapo huja msimu wa nyongeza, kuanzia siku inayofuata hadi Jumatatu ya tatu ya Februari, na kikomo hushuka hadi trauti 3. Kisha mto hufungwa kabisa hadi asubuhi ile ya Aprili. Kufungwa huku hakuhusu trauti peke yao. Huwezi kujitetea kwamba ulikuwa unatafuta samaki wengine, wala huruhusiwi kukusanya vidagaa vya chambo humo. Katika wiki hizo magari ya tume yanamwaga samaki, na nia ni kwamba anayeishi kando ya mto asiwe amewamaliza kabla ya anayetoka mbali kufika. Kuna maziwa na sehemu chache za mito iliyopandikizwa ambazo zimeachwa wazi mwaka mzima, lakini katika wiki hizo trauti utakayemnasa humo lazima umrudishe.

Sasa tuje kwenye mito ya trauti wa porini, ambayo ndiyo huwachanganya watu zaidi. Pennsylvania ina aina tatu za trauti katika vijito vyake. Trauti wa vijito, mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu, ndiye mwenyeji wa asili, na tangu mwaka 1970 ndiye samaki rasmi wa jimbo. Trauti wa kahawia aliletwa Marekani kutoka Ujerumani katika miaka ya 1880, akazoea na kuzaana. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni upande wa Bahari ya Pasifiki. Pale ambapo samaki hawa wanazaliana wenyewe kwa wingi, tume hupima uzito wao kwa eneo la maji: kijito cha trauti wa vijito kikifikisha kilo 30 kwa hekta, au cha trauti wa kahawia kilo 40 kwa hekta, huwekwa Daraja A.

Vijito vya porini havifungwi kama vile vilivyopandikizwa. Unaweza kuvua Januari, unaweza kuvua Machi. Lakini msimu wa nyongeza hauvihusu: tangu siku inayofuata Siku ya Wafanyakazi hadi ufunguzi wa Aprili, kila trauti unayemkamata humo anarudi majini papo hapo. Sababu yake iko kwenye changarawe. Trauti wa vijito na wa kahawia hutaga mayai majira ya kupukutika majani, wakiyafukia kwenye changarawe ya chini, na mayai hukaa humo kipindi chote cha baridi. Samaki wa kumwagwa anaweza kufidiwa kwa gari jingine la samaki. Wa kijito cha porini hana gari.

Juu ya hayo yote zimo kanuni maalumu za vipande fulani, na hapa naomba msome polepole. Kuna vipande ambavyo hakuna trauti anayechukuliwa na chambo ni bandia tu, cha chuma, mbao au plastiki. Kuna vinavyoruhusu nzi bandia peke yake. Kuna vya trauti wakubwa, ambapo samaki halali huanzia inchi 14 na kikomo ni wawili. Na kuna vya mavuno ya baadaye, ambapo masika yote watu huvua na kurudisha kwa chambo bandia, halafu kuanzia Juni 15 hadi Siku ya Wafanyakazi wanaweza kuchukua trauti 3 wa inchi 9 au zaidi. Aina hii ya mwisho naipenda kwa sababu hesabu yake iko wazi. Trauti hawastahimili joto, na maji yakipita kama nyuzi 20 za Selsiasi wanaanza kutaabika; vijito vingi vilivyopandikizwa hupata joto hilo katikati ya kiangazi. Samaki mmoja hunaswa na kurudishwa mara kadhaa masika yote, akiwafurahisha watu wengi, na kabla joto halijamuua anaruhusiwa kuwa chakula.

Mfano wangu mzuri wa sheria kufungwa kwa kipande ni Spring Creek, kaunti ya Centre, karibu na mji wa Bellefonte. Kemikali zinazoitwa kepone na mirex ziligunduliwa katika samaki wa mto ule, na mwaka 1982 uchukuaji wa trauti ukapigwa marufuku na upandikizaji ukasimamishwa. Watu walidhani mto umekufa. Kumbe trauti wa kahawia wa porini, kwa kuachwa bila kuvuliwa na bila kubanwa na samaki wa kumwagwa, waliongezeka hata mto ukawa miongoni mwa yenye sifa kubwa katika jimbo, na marufuku ya kuchukua samaki imebaki mpaka leo. Sasa, ndani ya mto huo huo kuna sehemu iitwayo Fisherman's Paradise, iliyofunguliwa kwa wavuvi mwaka 1934, ambapo unaruhusiwa nzi bandia tu mwenye ndoana isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, na huruhusiwi kuingia majini; unarusha ukiwa ukingoni. Mtu anayevua mahali pengine katika Spring Creek akiwa amesimama majini hadi magotini hana kosa, lakini akiingia sehemu hiyo bila kutazama bango amekwisha kukosea, ingawa hajagusa samaki.

Leseni nitaigusia kwa kifupi. Kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni, na kwa trauti anahitaji pia kibali cha trauti juu yake. Leseni ya mkazi ni nafuu kuliko ya mgeni, na uthibitisho wa kawaida wa ukazi ni leseni ya udereva ya Pennsylvania. Yote huuzwa mtandaoni na madukani, na unaweza kuyabeba kwenye simu.

Mama Neema (Lancaster)

Asante sana kaka kwa maelezo. Nina maswali mawili. Kijana wangu ana miaka 12 na rafiki zake wa shule wamemtia hamu ya trauti. Je, naye anahitaji leseni? Na mimi nikienda naye, nikiwa namshikia tu fimbo anapochoka, nahitaji leseni pia?

Mshipi Mrefu (Erie)

Dada Neema, kijana chini ya miaka 16 hahitaji leseni wala kibali cha trauti katika siku za kawaida, lakini kikomo, urefu na misimu vinamhusu sawasawa na mtu mzima. Wewe ukikaa kwenye kiti ukimtazama huhitaji chochote. Ukishika fimbo yenye mshipi uliomo majini, hapo unavua, hata kama ni kwa dakika tano wakati yeye anakunywa chai. Usije ukabishana na afisa kuhusu jambo hilo.

Kuna jambo litakalomfurahisha. Jumamosi inayotangulia ufunguzi huwa ni siku ya vijana wanaoongozwa, ambapo mtoto akiwa na mtu mzima mwenye leseni na kibali cha trauti anaingia katika mito iliyopandikizwa wakati wengine bado wanasubiri. Kwa siku hiyo mtoto lazima awe na kibali chake cha vijana, ambacho kipo cha bure, na kikomo chake ni trauti 2. Mtu mzima anaruhusiwa kuvua pamoja naye lakini hachukui samaki.

Ukitaka kujaribu kabla ya kulipia leseni, jimbo hutoa siku mbili kwa mwaka ambazo mtu yeyote anavua bila leseni: Jumapili ya wikendi ya Siku ya Kumbukumbu mwishoni mwa Mei, na Julai 4. Kanuni nyingine zote hubaki palepale siku hizo.

Mtoto wa Kalemie (Pittsburgh)

Mzee, nimesoma yote, na sina budi kusema kwamba sisi tuliozaliwa ziwani tunaona hii ni hesabu ya kupoteza muda. Kwetu mtu anatoka usiku na taa, anatupa wavu, asubuhi anarudi na dagaa na migebuka, familia inakula na nyingine inauzwa. Hapa nikae saa nne nzima na ndoana moja, nipate samaki wa inchi sita, nimrudishe? Na kwa nini wavu ukatazwe katika mto ambao ni wa umma?

Mshipi Mrefu (Erie)

Ndugu yangu, ukweli wako nauheshimu, kwa kuwa nami nilikula dagaa wale wale. Lakini usisahau kwamba hata Tanganyika sasa inafungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka, Kongo ikiwamo, ili samaki wazaliane. Lile ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Kijito cha hapa unakivuka kwa hatua sita, na trauti wake wote waliomo katika kilomita moja watu wawili wenye wavu wangewamaliza kabla ya jua kuwaka. Kwa hiyo trauti ni wa fimbo na mshipi. Sumu na baruti ni kosa kubwa zaidi, na kumkwaruza samaki ubavuni kwa ndoana ili umburute nje ni kosa pia. Akinaswa hivyo kwa bahati mbaya, rudisha.

Vilevile neno "umma" linahitaji kuangaliwa. Samaki ni wa umma, lakini ardhi si lazima iwe ya umma, na swali hilo lina mizizi mirefu.

Mnyeri Ughaibuni (Philadelphia)

Naomba uendelee hapo hapo kwenye ardhi. Mimi natoka Nyeri, na trauti si mgeni kwangu, ingawa kwa Kenya ni mgeni: aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Uskoti, akatiwa katika mto Gura unaotiririka kutoka milima ya Aberdare, na hata leo kuna kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo. Kule mtu anaelewa kwamba akiingia msitu wa hifadhi analipa langoni. Hapa nimezunguka nikaona mto uko kwenye orodha ya tume, samaki wamemwagwa, lakini miti ya ukingoni imepakwa mistari ya rangi ya zambarau. Nilidhani ni alama za wakata miti.

Mshipi Mrefu (Erie)

La hasha, na ni vizuri umeuliza kabla ya kuvuka. Tangu mwaka 2020 mstari wa zambarau una nguvu ile ile ya bango la "usiingie". Sheria inataka mistari iwe ya wima, yenye urefu wa inchi 8 au zaidi na upana wa inchi 1 au zaidi, iliyopakwa kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini, isiyopishana kwa zaidi ya futi 100. Inatumika kote jimboni isipokuwa kaunti za Philadelphia na Allegheny, kwa hiyo ninyi wa Philadelphia na Pittsburgh mnaweza kuishi miaka mingi bila kuiona, kisha mkaikuta siku ya kwanza mnapotoka nje ya mji.

Kuhusu umiliki, Pennsylvania inatenganisha mito inayopitika kwa vyombo na ile isiyopitika. Mto unaohesabiwa kuwa unapitika, sakafu yake ni ya jimbo kwa niaba ya watu wote. Ukiingia kihalali, mathalani kwenye daraja la barabara ya umma au eneo la kuegesha la tume, unaweza kutembea ndani ya maji mbele ya shamba la mtu. Mto usiopitika, mwenye shamba anamiliki hadi sakafu, na ruhusa yake ndiyo mlango wako. Kuorodheshwa kwa mto na tume hakumnyang'anyi mtu ardhi yake. Wenye mashamba wengi huacha njia wazi kwa hiari, na wakifunga, tume huacha kumwaga samaki pale.

Mpaka kati ya aina hizi mbili haukuchorwa wote kwenye ramani, na mara nyingine umeamuliwa mahakamani. Kesi ninayopenda kuisimulia ni ya Little Juniata, mto wa trauti wa kahawia katikati ya jimbo. Klabu ya uvuvi ya watu wachache ilikuwa imekodi kipande chake na kuwazuia wengine. Jimbo likaenda mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya kaunti ya Huntingdon ikaamua kwamba mto ule ni wa kupitika na kwa hiyo ni wa umma. Ushahidi haukuwa wa uvuvi hata kidogo. Ulikuwa wa karne ya 18 na ya 19, juu ya mashua za mizigo zilizoshuka nao kupeleka bidhaa sokoni. Yaani haki ya mtu wa leo kusimama majini na fimbo yake imetegemea mizigo ya watu waliokwisha kufa zamani. Kwa kijito kidogo cha nyuma ya shamba hutapata historia ya namna hiyo. Bisha hodi, omba ruhusa. Mimi nimekataliwa mara mbili tu, na mmoja wa walionikubalia sasa hunipigia simu kuniambia maji yamekaaje.

Fundi Bomba (Erie)

Mzee, sisi wa Erie wenzako umetusahau. Umesema 5 na inchi 7, lakini mimi navua stilihedi Walnut Creek na Elk Creek wakati wa baridi, na wenzangu pale wananiambia ni 3 na inchi 15. Nani mwenye haki?

Mshipi Mrefu (Erie)

Wenzako wana haki, na unaona jinsi nilivyosema kwamba jibu la "watano" ni mtego. Vijito vinavyomwaga maji katika Ziwa Erie vina kanuni zake. Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda kukulia ziwani. Tume humwaga takriban vifaranga milioni moja kwa mwaka katika vijito hivyo, wanashuka ziwani, kisha wanarudi wakubwa kuanzia majira ya kupukutika majani. Baada ya Siku ya Wafanyakazi kikomo katika vijito hivyo ni trauti 3, kila mmoja inchi 15 au zaidi, na tofauti na mito mingine iliyopandikizwa havifungwi Februari. Ndiyo maana mwezi Machi utamkuta mtu wa hapa akivua kihalali huku ndugu yake wa Lancaster akisubiri.

Pia unahitaji kibali cha Ziwa Erie pamoja na kile cha trauti. Vinauzwa hata vikiwa vimeunganishwa. Na kwa yeyote anayefika kwetu mara ya kwanza: Trout Run na Godfrey Run ni mazalia, yamefungwa mwaka mzima. Nalisema kwa sababu pale Trout Run maji ni maangavu, samaki wakubwa wamejipanga kama magogo mbele ya macho yako, na kila mwaka yuko mtu anayedhani amegundua mahali pa siri.

Bwana Chambo (Harrisburg)

Ndugu mwandishi, naomba nikusahihishe kwa heshima. Mimi huvua na kurudisha tu, sichukui hata mmoja, na niliambiwa dukani kwamba kwa hali hiyo kibali cha trauti sikihitaji. Leseni ya kawaida inanitosha.

Mshipi Mrefu (Erie)

Bwana Chambo, aliyekuambia amekuambia vibaya. Kibali kinahusu kumtafuta trauti, na kumuua si sharti. Anayevua katika kijito cha Daraja A au katika kipande chenye kanuni maalumu za trauti anatakiwa kuwa nacho, hata kama kila samaki anarudi majini akiwa hai.

Mama Neema (Lancaster)

Samahani kurudi tena. Kijana anauliza: akiwatia watano wadogo kwenye ndoo yenye maji, kisha akapata mkubwa, anaweza kumrudisha mmoja mdogo ambaye bado yuko hai?

Mshipi Mrefu (Erie)

Hapana. Samaki asiyerudishwa papo hapo amehesabiwa kuwa wako. Ndoo, kamba ya kutungia, mfuko wa wavu uliozamishwa, vyote ni sawa na mkono wako. Akimaliza watano amemaliza, na kama anatarajia mkubwa, aache nafasi.

Kupima nako ni hivi: mdomo ukiwa umefungwa, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Mnunulie rula ya plastiki. Kukadiria kwa kiganja huleta ugomvi. Na aloweshe mikono kabla ya kuwashika wale wa kurudishwa, kwa kuwa mkono mkavu unaondoa ute unaowakinga.

Daktari Mstaafu (Pittsburgh)

Naongeza kidogo, ingawa hili ni ushauri na halina adhabu. Jimbo linashauri kwa jumla kwamba mtu asile zaidi ya mlo mmoja kwa wiki wa samaki aliowavua mwenyewe katika maji ya Pennsylvania, mlo ukiwa ni nusu pauni ya samaki kwa mtu mzima. Yapo maji yenye ushauri mkali zaidi, na orodha yake imo katika kijitabu kile kile. Wenye watoto wadogo na wajawazito wasiuruke ukurasa huo.

Mama Neema (Lancaster)

Tumefungua ramani ya tume kwenye simu jana usiku. Kijito tulichokusudia kina rangi mbili: juu ni kipande cha mavuno ya baadaye, chini ni mto wa kawaida uliopandikizwa, na daraja la barabara liko katikati. Maelezo yanasema kipande cha juu kinaishia darajani. Sasa anayesimama chini ya daraja lenyewe, kivulini, anahesabiwa yuko wapi?

Mshipi Mrefu (Erie)

Dada Neema, hilo ndilo swali ambalo nilitamani mtu aniulize tangu mwanzo. Tafuta bango la kanuni maalumu kwa miguu yako siku moja kabla, kwa maana ramani ya simu inaweza kukosea kwa hatua kadhaa, na uone limepigiliwa upande gani. Kisha usivue kivulini. Shukeni hatua hamsini chini yake, mahali ambapo hata mshipi ukibebwa na maji unakwenda chini zaidi na haurudi juu. Kumbuka pia kwamba juu ya daraja mtoto hawezi kutumia nyungunyungu masika, na chini anaweza; kwa hiyo kama ndoo ya nyungunyungu iko mkononi, msivuke kwenda juu hata kutazama tu.

Mama Neema (Lancaster)

Tumekwenda leo baada ya shule. Bango liko upande wa juu wa daraja, kwenye mkuyu. Chini yake tumepata ukingo wenye mawe bapa, hakuna zambarau, na mwenye nyumba ya jirani amesema tuegeshe gari kwenye uwanja wake. Kijana amepima hatua hamsini na mbili. Tutakuwa pale Jumamosi kabla ya saa 2.